Gari la Dizeli Lenye Tabo Linapopoteza Nguvu: Ukaguzi Utangulie Malipo

Gari la chama lililozoea kupanda mlima na mzigo kwa gia ya tatu huanza siku moja kudai gia ya kwanza. Dereva hutoa taarifa kwamba tabo imekufa, fundi huafiki, na katibu huletewa hati ya malipo ya tabo mpya ili aitie sahihi. Mara nyingi tabo hiyo haina kosa lolote. Fedha za wanachama huondoka, na gari hubaki zito vile vile.

Jambo hili lawahusu zaidi wanachama wa Wilaya ya Kibiti na delta ya Rufiji. Gari linaloelekea upande wa Mbwera hukutana na mchanga wakati wa kiangazi na tope la mfinyanzi wakati wa masika. Dizeli huhifadhiwa katika mapipa na madumu, hewa ya chumvi hula vyuma, na gereji yenye vifaa kamili iko mbali. Kwa hiyo yafaa katibu na wanachama waelewe asili ya udhaifu huo kabla ya kuidhinisha matengenezo.

KAZI YA TABO

Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi mwaka 1897, haina plagi za kuwasha moto. Hugandamiza hewa mpaka ikawa ya moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa na kuungua. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huzidi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi wa injini yenyewe kusukuma hewa hiyo.

Tabo ina magurudumu mawili ya panga juu ya mhimili mmoja. Moshi huzungusha la kwanza. La pili husukuma hewa, nayo katika magari mengi hupozwa ndani ya rejeta yake kabla ya kuingia katika injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili.

Hapa ndipo penye kosa la wengi. Tabo huishi kwa moshi wa injini. Injini ikikosa dizeli, moshi hupungua, tabo huzunguka polepole, na hewa haisukumwi. Tabo nzima huonekana imekufa, kumbe ina njaa.

MOSHI NI SHAHIDI

Moshi mweusi huonyesha kwamba dizeli imezidi hewa: chujio la hewa limeziba, mpira wa hewa umepasuka, nozeli hainyunyizi sawasawa, au tabo haisukumi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji ya rejeta yaliyoingia ndani. Pasipo moshi wala nguvu, shaka ya kwanza ni dizeli isiyofika. Hata hivyo, katika magari yanayoongozwa na kompyuta ushahidi huu huweza kufichika, kwa kuwa kompyuta hupunguza dizeli hewa inapopungua.

HATUA ZA UKAGUZI

Ukaguzi huanza na yale yasiyo na gharama, ukamalizia na yale ya gharama kubwa.

1. Gari lenyewe. Breki inayoshika huzuia gari; gurudumu lake huwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi. Klachi ikiteleza, mlio wa injini hupanda lakini mwendo hauongezeki. Katika haya mawili injini haina lawama.

2. Hewa. Chujio litolewe na kutazamwa kwenye mwanga. La karatasi lisioshwe kwa maji, likiziba libadilishwe. Gari lisiendeshwe kamwe bila chujio, kwani mchanga hula panga za tabo.

3. Dizeli. Maji yamwagwe kutoka chini ya chujio la dizeli, na chujio chakavu libadilishwe. Kifuniko cha tangi kifunguliwe: gari likipata nguvu mara moja, tundu lake la hewa limeziba. Dizeli ya pipa iachwe itulie usiku kucha, nayo ichotwe bila kugusa chini ambako maji na taka hukaa. Isitumike dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, maana hukosa ulaini unaohifadhi pampu. Uchakachuaji wa namna hiyo ndio uliosababisha EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010.

4. Mipira na klipu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mkono upitishwe juu ya kila mpira kutoka tabo hadi injini. Alama ya oili yenye vumbi, au sauti ya upepo gari linapovuta mzigo, huonyesha pavujapo. Mipira myembamba inayoendesha vali ya tabo nayo isisahauliwe. Ufa mdogo humo hutosha kuidhoofisha tabo nzima.

5. Tabo. Mpira wa kuingizia hewa ufunguliwe na mhimili ushikwe. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma kwa kiasi cha kuhisiwa wazi, panga kugusa ukuta, au oili kutuama ndani, ni dalili za ubovu wa kweli.

6. Kompyuta. Taa ya injini ikiwaka na gari likikataa kuongeza mwendo, kisha likarudia hali yake baada ya kuzimwa na kuwashwa, kompyuta imeikinga injini. Msimbo usomwe kwa chombo chake. Ifahamike kwamba msimbo wa upungufu wa hewa hauthibitishi kwamba tabo ni mbovu. Mpira uliopasuka huleta msimbo huo huo.

WAJIBU WA KATIBU NA DEREVA

Kabla ya kutia sahihi, katibu hana budi kupata maelezo ya maandishi ya hatua zilizokaguliwa na yaliyoonekana. Kifaa cha zamani kirudishwe ghalani na kuandikwa katika daftari. Gari lijaribiwe katika mlima ule ule na mzigo ule ule. Ikiwa tabo imekufa kweli, chanzo kitafutwe, hasa bomba la oili lililoziba. La sivyo tabo mpya itaifuata ile ya kwanza.

Dereva naye asipige resi injini ikiwa baridi, na baada ya kazi nzito aiache injini itulie dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Oili ibadilishwe kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la tabo, ufa huo mara nyingi umo katika mpira wa bei ndogo, na ukuta hulipwa kwa korosho za wanachama.