Umeme wa Makaa ya Mawe

Sisi wa Kongo tumezoea umeme uzaliwao na nguvu ya maji: wa Mwadingusha tangu 1930, wa Inga tangu 1972. Lakini katika dunia nzima, karibu theluthi moja ya umeme hutoka katika makaa ya mawe. Hayo siyo makala ya miti tunayopikia. Ni mimea ya kale, iliyozikwa chini ya udongo miaka mamilioni mpaka ikawa kama jiwe jeusi. Namna gani jiwe linawasha taa?

Katika santrali, makaa husagwa kuwa unga laini, kisha hupulizwa ndani ya tanuru kubwa yenye mabomba ya maji kutani. Maji yanageuka mvuke wa digri 500 na zaidi. Mvuke huo hupiga mabawa ya mashini iitwayo turbini. Kule Ulaya huzunguka mara nyingi 3,000 kwa dakika moja. Turbini nayo inazungusha sumaku kubwa katikati ya nyuzi za shaba, na umeme unazaliwa katika nyuzi hizo. Halafu mvuke unapozwa, unarudi kuwa maji, na kazi inaanza tena.

Faida yake ni wazi: makaa hulundikwa uwanjani, nayo hayangojei mvua wala upepo. Lakini hasara ni nyingi. Katika sehemu 100 za joto, 35 au 40 tu hugeuka umeme. Tena kilo moja ya kaboni ikiungua huzaa zaidi ya kilo 3 za gazi, kwa sababu hujiunga na oksijeni ya hewa. Gazi hiyo, isiyoonekana kwa macho, huifunika dunia kama blanketi na kuzidisha joto.

Tutazame Uingereza. Mwaka 1882 watu wa Edison walifungua santrali ya makaa mjini London, penye daraja la Holborn Viaduct, ili kuuzia watu mwanga. Mwaka 1950 zaidi ya sehemu 90 katika 100 za umeme wa nchi zilitoka katika makaa. Desemba 1952 moshi wa nyumba, viwanda na santrali ulichanganyika na ukungu siku tano mjini London. Watu maelfu wakafa. Sheria ya moshi ikatungwa mwaka 1956. Santrali mpya zikajengewa mabomba marefu sana ya moshi. Hewa ya jirani ikapata nafuu, lakini kiberiti kilichomo katika moshi kilichukuliwa na upepo, kikashuka na mvua kali katika maziwa ya Norway na Sweden, samaki wakafa. Basi mwanga ulikuwa wa mmoja, na hasara ya mwingine.

Mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yakitoa karibu sehemu 40 katika 100. Ndipo kodi ya kaboni, gazi ya ardhini na upepo wa baharini vilipoyashinda. Tarehe 30 Septemba 2024 santrali ya mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ilifungwa.

Afrika ya Kusini, Uhindi na China bado hutegemea sana makaa. Hospitali zao na viwanda vyao haviwezi kuzimwa kwa siku moja. Lakini mtu akituambia kwamba umeme fulani ni wa bei rahisi, tumwulize kwanza: moshi wake unaangukia nyumba ya nani?