Unapokea Pesa ya Ulemavu? Jua Msaada Mwingine Unaoweza Kupata

Bei ya unga ikipanda, wanaopokea Inua Jamii kwa simu huanza kuulizana: nikiwa tayari napata pesa ya ulemavu, nitanyimwa msaada mwingine wa serikali? Inategemea ni msaada gani. Pia inategemea serikali inahesabu nani: wewe peke yako ama nyumba yenu yote.

Inua Jamii ina mpango wa watu wenye ulemavu mkali, ulioanza mwaka 2011. Kuna pia wa wazee wa miaka 70 na zaidi, na wa yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Kiwango ni kile kile, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukiona 4,000 imeingia kwa mpigo, usidhani umeongezwa. Ni miezi miwili imelipwa pamoja.

Tofauti iko kwenye masharti. Pesa ya wazee huangalia mtu mwenyewe: ametimiza miaka 70, na hana pensheni. Pesa ya ulemavu huangalia nyumba nzima. Lazima familia iwe maskini sana, isiwe kwenye mpango mwingine wa pesa za serikali, na pasiwe na mtu pale anayepokea pensheni au mapato ya kudumu. Kwa hivyo kijana mwenye ulemavu anaweza kukosa, si kwa sababu yake yeye, bali kwa sababu ya pensheni ya baba. Kwa maoni yangu sharti hili linaumiza, maana nepi za mtu mzima na nauli ya kliniki hazipungui eti kwa sababu kuna pensheni ndogo nyumbani. Lakini ndilo sharti, na ni afadhali ulijue kabla ya kupanga foleni kwa chifu.

Neno "mkali" pia lina uzito wake. Hapa linamaanisha mtu anayehitaji kuangaliwa na mlezi wakati wote. Mama anayetumia kiti cha magurudumu na anaendesha duka lake anaweza kuwa na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na bado asiingie Inua Jamii. Kadi ni kitu kimoja, pesa ni kingine.

Hata hivyo, usiidharau hiyo kadi. Ukiwa umesajiliwa na baraza na una ajira, unaweza kuomba cheti cha KRA cha kusamehewa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Ukiwa na mshahara, huo ndio msaada mkubwa zaidi kwenye makala hii yote, lakini hauji wenyewe. Lazima uombe.

Na ugonjwa? Kenya haina pesa ya serikali inayolipwa kila mwezi kwa sababu tu unaumwa. Aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira: baada ya kufanya kazi miezi miwili mfululizo, ana haki ya angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Ukiacha kazi kabisa kwa sababu ya afya na ulikuwa ukichangia NSSF, ulizia mafao ya kutoweza kufanya kazi. Ila kumbuka sharti la pensheni tuliloeleza hapo juu.

Matibabu ni mfuko tofauti. Kuwa Inua Jamii hakukuzuii kujisajili SHA kwa *147#. Usiokuwa na mshahara, hali ya nyumba yako hupimwa kwa maswali, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa wa mwaka mzima pamoja. Sheria inairuhusu serikali kuwalipia wasiojiweza kabisa, kwa hivyo jibu maswali yale kwa ukweli. Usijipandishe hadhi kwa kuona aibu.

Sasa upande wa simu. Laini inayopokea pesa iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mpokeaji mwenyewe, au cha mlezi aliyeandikishwa rasmi. Laini ya jirani "kwa muda tu" ndiyo mwanzo wa kesi nyingi. Mlezi akifariki au akihama, usiendelee kutumia PIN yake. Nenda kwa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii mlezi mpya aandikwe.

Kujiandikisha ni bure. Akikupigia mtu anayejiita afisa, eti utume 500 "ya kufungua faili" ndipo uongezwe kwenye msaada wa pili, kata simu. Akisema ametuma pesa kimakosa na anataka urudishe, angalia salio kwanza, halafu piga huduma kwa wateja kwa namba unayoijua wewe, si ile aliyokupa yeye.