Leso kuukuu bado zina kazi

Ukipita Biashara Street hapa Mombasa siku za kukaribia Idd, utadhani leso ni kitu cha kununuliwa tu. Maduka yamejaa, wanawake wamesongamana, na kila mmoja anaulizia jina jipya lililotoka. Lakini mwaka huu, kwa muda wa miezi minne na siku kumi, nimekuwa nikienda na kurudi katika nyumba moja ya Kibokoni ambako haikununuliwa leso hata moja. Huko leso zilikatwa kwa mkasi, tena zile nzuri zilizowekwa sandukuni, na humo ndimo nilimoiona starehe ninayotaka kuwasimulia wasomaji leo.

Nyumba yenyewe ni ya dada yangu mkubwa. Mumewe alifariki, Mungu amrehemu, naye akakaa eda kama sheria yetu inavyotaka. Aliyewahi kuishi na mke wa eda anajua kwamba siku za mwanzo hazina upweke, kwani nyumba hujaa jamaa na majirani, na sufuria haziepuki motoni. Taabu huja watu wakishatawanyika. Mwenyewe hatoki ila kwa haja, hajipambi, hajitii manukato, na mchana wa Mombasa ni mrefu kweli kweli. Nimewaona wanawake waliomaliza eda wamekonda, na si msiba pekee uliowakondesha, bali pia kule kukaa bure wakihesabu siku.

Basi alasiri moja akaamua kushona. Kwanza alizitazama kanzu za marehemu, nyeupe na safi, zimekunjwa vizuri kabatini. Shangazi yetu akamzuia papo hapo: "Hizo ni mirathi, mwanangu. Ngoja warithi wapatane kwanza." Alisema kweli, maana nguo za maiti nazo zimo katika mali yake, hata ziwe chache namna gani. Dada akafunga kabati, akaniomba nimteremshie sanduku lake. "Leso ni zangu mwenyewe," akasema. "Hizi hazina mgawo."

Wako watakaosema kukata leso ni kuiharibu. Mimi nawaambia kwamba leso yenyewe ilizaliwa kwa mkasi na sindano. Jina hilo limetoka kwa Wareno, ambao kitambaa cha mkononi walikiita lenço. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijatenganishwa, wakakata sita sita na kuviunga, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo ndipo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha pigwa chapa. Majina yakaja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya papa hapa Mombasa, ambayo leso zake zimeandikwa "Mali ya Abdulla", ilianza mwaka 1887. Kwa hiyo anayeunga vipande vya leso leo hafanyi kioja.

Dada alikuwa akishona mfarishi. Leso zake zilikuwa zimechakaa zaidi sehemu ya mji, pale katikati panapokaliwa, lakini pindo zilikuwa bado ngumu. Hivyo pindo akazikata vipande virefu vya kuzungushia kandokando, na katika kila mji akachagua pale palipokuwa pazima, akatoa mraba wa shubiri moja. Uzuri wa leso kuukuu ni kwamba imekwisha fuliwa mara nyingi, haitoi rangi tena wala hairudi. Chini aliweka shiti mbili za zamani. Vyote akavipiga bandi kwa mkono kwanza, kwani ukikimbilia cherehani kabla ya bandi, nguo huenda upande na mraba ukawa si mraba.

Tabu ilikuwa ni majina. Nani ana moyo wa kukata jina la leso ya harusi yake? Hayo akayaacha mazima. Lakini ilikuwako moja aliyoinunua zamani makusudi kumpigia wifi yake kijembe, na maneno yake siyataji hapa. Na wifi huyo huyo, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa ameketi naye mkekani akimtilia uzi kwenye sindano! Leso ilipokunjuliwa wote wawili wakanyamaza. Kisha wifi akalisoma jina kwa sauti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba mkasi. Alilikata mwenyewe na kulishona katikati kabisa ya mfarishi. Hicho ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia nyumba ile tangu mazishi.

Hata hivyo si wote waliofurahi. Binti yake wa kwanza, anayefanya kazi Nairobi, alileta blanketi jipya na kulalamika kwamba watu watasema mama yao ameachwa alalie viraka. Nauelewa uchungu wa mtoto, lakini hii hofu yetu ya kusemwa imetunyima raha nyingi. Mama alipokea blanketi, akamshukuru bintiye, akaendelea na mshono wake.

Alasiri ya kushona haiendi bila chai, na chai ya iliki hutaka kitu cha kutafunia. Kwa wasioweza kukanda mahamri, mkate wa kumimina ni rahisi. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uumwage maji, uusage pamoja na tui zito la kikombe kimoja na nusu hata ulainike kabisa. Tia sukari kadiri upendavyo, iliki, na kijiko kidogo cha hamira. Uache uumuke mpaka ufure maradufu, na ukishafura usiukoroge tena, maana utaua mapovu yote. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, moto wa chini uwe mdogo, kisha ufunike na kupalia makaa juu ya kifuniko. Ukiwa na subira utatoka na matundu kama sega la nyuki.

Televisheni ilizimwa muda wote wa eda, na hapakuwa na ubishi. Eda ilipokwisha ndipo mabinti wakamwuliza mama yao angependa kutazama nini, naye akataja *Mother India*, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Tulipokuwa wadogo mama yetu alitupeleka kuitazama katika onyesho la wanawake watupu, mabuibui tele na karanga mikononi. Majumba mengi ya sinema ya siku zile yamefungwa. Video zilipoingia katika miaka ya 1980 wanawake walihamia sebuleni. Mtaalamu Minou Fuglesang aliandika kitabu kizima mwaka 1994 kuhusu wasichana wa Lamu, na namna walivyokusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi.

Filamu hiyo hukaribia saa tatu. Radha, aliyechezwa na Nargis, anabaki peke yake na watoto, deni na shamba la mawe. Nilimtazama dada yangu kwa pembe ya jicho nikihofia atalia. Hakulia. Alikuwa akiwaeleza mabinti zake nani ni nani, tena kabla hawajauliza, mpaka wakamsihi anyamaze. Yule wa Nairobi naye alikuwapo, miguu ameiingiza chini ya mfarishi, anakula mkate. Ilipofika nusu ya filamu, shangazi alikuwa amelala zamani, na wifi amemfunika kwa lile blanketi jipya.