Mjusi wako ametaga? Mayai yake usiyageuze kama ya kuku

Kama umewahi kufuga kuku, ni rahisi kudhani kutotolesha mayai ya mjusi ni kazi ileile. Siyo. Mambo mawili yanayosaidia yai la kuku, yaani kuligeuza na kuliweka kwenye joto la nyuzi 37 hivi, ndiyo yanayoua yai la mjusi.

Hapa tunamzungumzia mjusi wa kufugwa mwenye madoa kama ya chui, kisayansi Eublepharis macularius. Asili yake ni Pakistan, Afghanistan na India, lakini siku hizi anazalishwa kwa wingi majumbani Marekani na Ulaya. Ni jamaa wa mbali wa mjusi kafiri wetu, ila yeye ana kope na hawezi kupanda ukuta.

Kwa nini yasigeuzwe?

Ndani ya yai la kuku kuna kamba laini zinazoshikilia kiini kisiyumbe. Yai la mjusi halina. Ndani ya saa 24 hivi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ukuta wa ndani wa ganda. Ukiligeuza baada ya hapo, kinaweza kung'oka au kulemewa na kiini, kikafa.

Kwa hiyo ukiyakuta mayai (mara nyingi huwa mawili), weka alama ndogo ya penseli upande wa juu. Yahamishe taratibu, alama ikiendelea kutazama juu mpaka siku ya kutotolewa.

Andaa makao yake

Huhitaji kitu cha gharama. Chukua kontena dogo la plastiki lenye mfuniko, weka vemikulaiti iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa: gramu 100 kwa gramu 100. Ibinye mkononi. Maji yakidondoka, yamezidi.

Chimba vishimo kwa kidole, laza mayai yazame nusu, kisha funika. Fungua mfuniko mara moja kwa wiki ili hewa ibadilike. Ganda lake ni laini kama ngozi na hunyonya unyevu, hivyo usiyamwagie maji moja kwa moja.

Joto ndilo linaloamua dume au jike

Hapa ndipo penye utamu. Kwa mjusi huyu jinsia haiamuliwi na kromosomu kama kwa binadamu, bali na joto la wiki za mwanzo ndani ya yai:

- Nyuzi 26 hadi 28: wengi huwa majike.
- Nyuzi 30 hivi: mchanganyiko.
- Nyuzi 32 hadi 33: wengi huwa madume.
- Nyuzi 34 na zaidi: majike huongezeka tena, lakini hatari ya kufa ni kubwa.

Ndiyo maana mashine ya vifaranga vya kuku, ikiachwa kwenye kipimo chake cha kawaida, itayapika. Tumia themostati, na uweke kipimajoto karibu kabisa na mayai. Umeme ukikatika kwa muda mfupi usipaniki: kupoa kidogo kwa kawaida huchelewesha tu, kinachoua haraka ni joto kuzidi.

Tochi ya simu inatosha

Baada ya wiki moja au mbili, zima taa na umulike yai kwa tochi ya simu bila kulinyanyua. Ukiona wekundu wenye mishipa, kuna uhai. Likiwa la njano tupu, huenda halina kitu. Jike hutaga hata bila dume. Lakini usiwe na haraka ya kulitupa, subiri mpaka lianze kuoza.

Yai likibonyea mapema, angalia unyevu. Likibonyea siku za mwisho, mara nyingi ni dalili kwamba mtoto anakaribia kutoka.

Siku yenyewe

Kwenye joto la juu hutotoa baada ya siku 40 hivi, kwenye joto la chini hupita 60. Mtoto hulipasua ganda mwenyewe na anaweza kukaa humo saa nyingi akimalizia kiini. Usimvute. Hatakula mpaka ajivue ngozi ya kwanza, siku chache baadaye. Na ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni, maana mijusi hubeba bakteria wa salmonela.

Kabla hujawasha mashine

Jiulize: watakaa wapi? Mjusi huyu anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, na jike mmoja hutaga mara kadhaa kwa msimu. Madume wawili hawakai tangi moja, watapigana. Kama huna nafasi wala mtu wa kumpa, ni afadhali uyagandishe mayai kwenye friza siku ileile yanapotagwa.

Na kwa walioko Kenya na Tanzania: haya yanahusu mjusi wa kufugwa tu. Kuokota mayai ya porini bila kibali ni kosa kisheria.