Nani Anakuhesabu? Utangulizi wa Taaluma ya Ibada ya Mbali

Taaluma unayoingia ni changa, na haidai uwe fundi wa kompyuta wala mwanatheolojia. Swali lake ni moja: waumini wafanye nini ili waendelee kuwa jumuiya wakati maradhi yanawalazimu kutawanyika? Mifano mingi nitaitoa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora. Hata hivyo nitaanzia kando kidogo, katika dini ya Kiyahudi, kwa sababu sheria yake inaliweka swali hili wazi mno.

Kwenye makutano ya Uhuru Highway na University Way ipo sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, ya Nairobi Hebrew Congregation. Jumuiya hiyo ni ndogo, nayo imekuwepo jijini tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika sheria ya Kiyahudi mtu anaweza kusali peke yake, lakini zipo sala ambazo hazisomwi mpaka watimie watu wazima kumi. Kundi hilo la watu kumi huitwa minyani. Wayahudi wa mkondo wa Orthodox huhesabu wanaume tu. Mikondo mingine huhesabu wanawake pia. Mojawapo ya sala zinazodai minyani ni Kadishi, ambayo mfiwa huisoma akimkumbuka marehemu wake. Tafakari maana yake: aliyefiwa hawezi kuisoma akiwa peke yake chumbani. Lazima wengine tisa waache shughuli zao, waje wasimame naye.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba dini nyingine nazo huhesabu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, sala ya Ijumaa hudai wanaume arobaini. Wakristo nao hukumbuka maneno ya Injili ya Mathayo kuhusu wawili au watatu wanaokusanyika. Hesabu zinatofautiana, lakini msingi ni mmoja, nao ndio msingi wa taaluma yetu: mtu huwa sehemu ya jumuiya pale ambapo kuwapo kwake kunahesabiwa na kukosekana kwake kunaonekana.

Sasa tuuweke msingi huu kwenye mizani ya mwaka 2020. Tarehe 13 Machi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya. Siku tisa baadaye ibada za pamoja zilisimamishwa, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15 wa familia. Tarehe 27 Machi kafyu ya usiku ikaanza. Tarehe 6 Aprili eneo la Nairobi likafungwa, mtu asiingie wala asitoke, na mwezi mmoja baadaye, Ramadhani ikiwa katikati, mtaa wa Eastleigh nao ukafungwa peke yake. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai, kila ibada iliwekewa kikomo cha watu 100 na saa moja. Walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Machi 2021 milango ilifungwa tena Nairobi na katika kaunti nyingine nne.

Ili kuelewa waumini walivyoitikia, unahitaji tofauti mbili. Ya kwanza tuliachiwa na mtafiti Christopher Helland, mwaka 2000. Alitenganisha dini inayopashwa mtandaoni na dini inayotendwa mtandaoni. Kanisa likiweka ratiba ya misa na mahubiri kwenye ukurasa wake, linapasha habari: muumini anapokea tu. Waumini wakiombeana mle mle, mmoja akitaja shida yake na wengine wakiitikia, wanatenda dini. Tofauti ya pili ni ya wakati. Zipo njia za papo kwa papo, kama simu au mkutano wa video, ambapo wote huwapo kwa wakati mmoja. Na zipo njia za kuhifadhiwa, kama sauti iliyorekodiwa, ambapo kila mtu husikiliza apatapo nafasi. Njia ya kuhifadhiwa humfikia mlinzi wa usiku na muuza mboga wa alfajiri. Ya papo kwa papo ndiyo inayowezesha mtu kuitikiwa.

Wayahudi walilazimika kuzipima tofauti hizi kwa makini. Wanaofuata sheria kwa ukamilifu hawawashi vyombo vya umeme siku ya Sabato, kuanzia jua linapotua Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi. Basi mkutano wa video uliofaa Jumatano haukuweza kutumika siku ile ile iliyo kiini cha ibada yao. Mkondo uitwao Conservative ulikuwa umelijadili jambo hili tangu mwaka 2001, ukaamua kwamba watu kumi lazima wawe mahali pamoja, ila aliye mbali anaweza kuwasikiliza na kuitikia. Janga lilipokuja, viongozi wa kamati yake ya sheria waliruhusu, kwa dharura, minyani ya watu waliounganishwa kwa mtandao. Kabla ya Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 2020, marabi 14, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, nchini Israeli waliruhusu familia kuungana kwa video katika mlo wa usiku wa sikukuu, ili wazee wasikae na huzuni. Marabi wengine walipinga vikali. Usiwadharau waliopinga. Pande zote mbili zilikuwa zinalinda kitu cha thamani: mmoja ulimlinda mzee mpweke, mwingine ulilinda siku isiyotawaliwa na mashine.

Huenda unajiuliza haya yanamhusu nini mama anayeishi Kayole. Yanamhusu sana, kwa kuwa naye ana hesabu yake. Parokia za Katoliki za Eastlands zimegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: familia za majirani zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, kusoma Neno na kusaidiana. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliufanya mpango huo kuwa kipaumbele miaka ya 1970, miongo mingi kabla ya Korona. Katika jumuiya, mwenyekiti anajua nani ameugua, nani amejifungua, nani amefukuzwa kazi. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yana vikundi vya aina hiyo hiyo. Hii ndiyo minyani ya mtaani.

Kabla hujapendekeza chombo chochote, angalia pia muumini anaishi vipi. Familia ya watu watano katika chumba kimoja cha ploti haina pa kujitenga kwa sala. Simu yenye intaneti huenda ni moja, na mtoto anaihitaji kwa masomo. Bando hununuliwa kwa fedha zilezile za unga na tokeni za stima. Ndiyo maana mpango bora huwa na ngazi. Redio humfikia kila mtu, lakini haimjui yeyote. Ujumbe mfupi huingia hata kwenye kabambe, yaani simu ya kawaida ya vitufe. Kundi la WhatsApp hubeba sauti na picha kwa gharama ndogo. Video huja mwisho, kwa wanaoimudu. Katika kila ngazi, mtu mmoja apewe orodha ya majina machache na jukumu la kuwapigia simu.

Mkono wa kusaidia nao husafiri. Tarehe 16 Machi 2020 Safaricom ilitangaza kuondoa ada ya kutumiana M-Pesa hadi shilingi 1,000. Kwa mtu wa kipato kidogo, nafuu hiyo ilimaanisha mchango mdogo unafika wote. Mtafiti mgeni huweza kudhani fedha ni jambo la pembeni katika ibada. Nakusihi ulitazame upya. Mchango uliotajwa kwa jina la mtoaji ni njia ya kusema: nipo, nihesabuni.

Sasa tumefika penye ugumu. Yapo mambo ambayo hayapiti kwenye waya. Mkatoliki anayetazama misa kwenye runinga hapokei ekaristi. Hufundishwa komunyo ya kiroho, yaani sala ya kumtamani Kristo wakati sakramenti haipatikani. Mwislamu aliyekosa Ijumaa huswali adhuhuri nyumbani. Na kwenye matanga, yale makutano ya jioni kwa jioni ya kufariji wafiwa na kuchangia mazishi, kundi la WhatsApp liliweza kukusanya fedha lakini halikuweza kukaa na mjane usiku kucha. Mtafiti mwaminifu hataziita njia hizi mbadala kamili. Ataandika kilichofika, kilichokosekana, na nani aliumia zaidi kwa kukikosa.

Ugumu mwingine ni idadi ya watazamaji. Kanisa laweza kufurahi kwamba mahubiri yametazamwa mara nyingi kuliko viti vyake. Lakini mtambo hauwezi kukwambia kama mjane wa ploti ya tatu alikuwa miongoni mwao. Ukisoma ripoti yoyote katika taaluma hii, tafuta kwanza ni nani waliokosekana, kisha uulize kama yupo aliyewatafuta.

Ukitaka kuanza, chagua kusanyiko moja unalolijua: kanisa, msikiti au sinagogi. Omba ruhusa, kwa kuwa majina na shida za watu ni amana. Kisha uliza mambo matatu. Ibada hii inadai nini ambacho lazima kitendwe pamoja? Kila muumini anafikiwa kwa njia gani anayoimudu? Na mtu akinyamaza wiki mbili, nani atagundua? Swali la tatu likikosa jibu, hapo ndipo kazi ianzie, tena ianze sasa wakati watu wako pamoja. Akiba haiozi: orodha ya majina iliyoandikwa wakati wa afya ndiyo itakayotumika siku milango itakapofungwa tena.