Pua ya Ndege Isiyotulia

Malalamiko ya vijana wanaocheza simuleta za ndege za kivita hapa Manyamanyama, Bunda, ni yale yale: ukimlenga adui, pua ya ndege inapanda, inashuka, inapita shabaha, inarudi. Lawama zote huangukia joistiki, hasa ikiwa ya mtumba. Mara nyingi inaonewa. Shida iko kwenye mpangilio, na watu huupanga kinyumenyume: wanakimbilia mkunjo wa usikivu, halafu trimu, marekebisho yanayoishikilia pua bila nguvu ya mkono, hawaigusi kabisa.

Chunguza kwanza chombo chenyewe. Kwenye Windows andika joy.cpl, fungua ukurasa wa majaribio, achia fimbo, kisha tazama ile alama ya msalaba. Ikitulia katikati, endelea. Ikitetemeka, huenda ndani mna potenshomita, kifaa cha jamii moja na kitufe cha sauti cha redio ya zamani, kinachokwaruza kikichakaa au kikiingiwa vumbi. Na vumbi la Bunda wakati wa kiangazi tunalijua. Joistiki zenye sensa ya sumaku, kama Thrustmaster T.16000M, hustahimili zaidi kwa sababu sensa hiyo haisuguani na kitu. Kisha weka katikati eneo la kupuuzwa linalotosha kuufunika mtetemo huo, basi. Asilimia 2 au 3 kwa kawaida hutosha. Ukiweka 10, fimbo inapata ganzi: unasukuma, kimya, unasukuma tena, ndege inashtuka. Hapo yumbayumba umeitengeneza mwenyewe.

Mkunjo, yaani namna ndege inavyoitikia kadiri fimbo inavyosogea, upo kwa sababu fimbo ya mezani ni fupi. Chukulia ncha yake inasogea sentimita 5 pale ambapo ya rubani ingesogea 20: kila milimita ya mkono wako inakuwa milimita 4 kwa ndege. Wahandisi wa ndege halisi nao walihangaika na usikivu. MiG-21, iliyopaa kwenye anga la Ziwa Victoria wakati wa Vita vya Kagera vya 1978–1979, ina kifaa kiitwacho ARU kinachobadilisha uwiano kati ya fimbo na bawa la mkia kulingana na mwendo na mwinuko. Ikienda kasi karibu na ardhi, mkono ule ule huugeuza mkia kwa pembe ndogo. Mkunjo unaouweka wewe haujui mwendo wala mwinuko. Unajua tu fimbo iko umbali gani kutoka katikati.

Ndiyo maana mkunjo mkali ni mtego. Tuchukue fomula rahisi inayochanganya mstari ulionyooka na kipeo cha tatu. Ukichanganya nusu kwa nusu, ukali wa fimbo katikati unashuka hadi nusu, lakini mwishoni unapanda hadi mara 2. Tofauti ya mara 4 ndani ya fimbo moja. Ukisafiri taratibu utaona raha. Ingia kwenye kona kali ya mapigano, fimbo ikiwa imevutwa karibu na tumbo, na pua itarukaruka kama hujawahi kurekebisha chochote. Mimi nisingevuka sehemu 20 kwa 100 za kipeo cha tatu, na kwa Spitfire, maarufu kwa wepesi wa kuinua pua, ningeanzia 15.

Sasa trimu, ambayo kwangu ndiyo kazi kubwa. Weka nguvu ya injini, subiri mwendo utulie, shikilia pua usawa wa upeo kwa mkono, kisha bonyeza trimu kidogo kidogo mpaka mkono usibebe chochote. Mwendo ukibadilika, rudia. Waliozoea F-16 au F/A-18 hawaoni umuhimu wake kwa sababu kompyuta za ndege hizo huwafanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wakihamia ndege za miaka ya 1940 wanadhani joistiki imekufa. Pa kujifunzia pasiwe vitani. FlightGear inapatikana bure na ina ramani ya dunia nzima, kwa hiyo paa kutoka Musoma, elekea Ghuba ya Speke, na uachie fimbo juu ya maji.

Usisahau meza. Ikicheza, mkono nao unacheza. Afadhali joistiki ikae chini katikati ya magoti, kigasha kimelala juu ya paja.

Na ukichagua Messerschmitt Bf 109, usipoteze jioni nzima ukitafuta kitufe cha trimu ya usukani wa wima. Haikuwa na trimu hiyo ya kurekebishwa angani. Rubani alikanyaga pedali na kuishikilia kwa mguu.