Mwenye Mali na Mwenye Fedha: Nani Atangulie?

Biashara ya nchi za nje hutajwa kila siku kana kwamba ni jambo la mabandari na mabenki peke yake. Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba jambo hilo lipo pia Mabamba, katika Wilaya ya Kibondo, mpakani na Burundi. Mkulima apelekaye magunia yake ya maharage huko, akakutana na mnunuzi kutoka ng'ambo, amekwisha kuingia katika biashara ya nchi mbili, fedha mbili na sheria mbili. Na shaka iliyo moyoni mwake ndiyo ile ile iliyo moyoni mwa tajiri apakiaye shehena melini: nitoe mali kwanza nisubiri fedha, au nipewe fedha kwanza, mwenzangu asubiri mali?

Shaka hiyo si ngeni katika nchi ya Kigoma. Katika karne ya 19 misafara iliyofika Ujiji ilibeba nguo na shanga zilizotolewa kwa mkopo na matajiri wa Unguja. Taria Topan, mfanya biashara kutoka Bara Hindi, alikuwa mmoja wa waliomkopesha Tippu Tip. Tajiri alikaa pwani akisubiri pembe za ndovu, pengine kwa miaka. Na kwa kuwa alisubiri na kuhofu, alijilipa kwa faida kubwa. Hata neno letu "hundi" latoka Bara Hindi, ambako lilikuwa jina la karatasi ya mfanya biashara mmoja kumwagiza mwenziwe wa mji wa mbali alipe fedha. Basi tangu zamani biashara ya mbali imekwenda kwa vitu viwili: uaminifu na karatasi.

Leo njia kubwa za malipo ni nne. Ya kwanza ni mnunuzi kulipa kabla ya kupokea mali. Hapo hofu yote ni yake. Ya pili ni kinyume chake: mwuzaji hupeleka mali, naye mnunuzi hulipa baada ya siku walizopatana, hapo hofu yote ni ya mwuzaji. Ya tatu ni mwuzaji kuzipitisha hati za mali benki, nayo benki isimkabidhi mnunuzi hati hizo mpaka alipe, au akubali kwa maandishi kulipa siku fulani. Ya nne ni barua ya dhamana ya benki. Hapa benki ya mnunuzi yaahidi yenyewe kumlipa mwuzaji, ilimradi alete hati zilizotajwa: ankara, hati ya shehena, na nyinginezo walizopatana.

Hiyo ya nne husifiwa sana, na kwa haki. Walakini yafaa ieleweke. Benki haitazami kahawa, yatazama karatasi. Kanuni zake zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1933 na Chama cha Biashara cha Kimataifa chenye makao yake Paris, na toleo litumikalo sasa lilianza Julai 2007. Kwa kanuni hizo, kahawa iwe safi namna gani, ikiwa hati zimetofautiana na barua kwa uzito au kwa tarehe, benki yaweza kukataa kulipa.

Sasa turudi Kibondo na Kasulu. Hakuna benki iandikayo barua ya dhamana kwa ajili ya magunia kumi. Mwaka 1985 nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilianzisha benki yao ya biashara na maendeleo, ofisi yake kuu ikawekwa Bujumbura, jirani kabisa na wakulima wetu. Lakini benki ya namna hiyo huhesabu shehena, haihesabu magunia. Kwa hiyo mkulima hukopeshwa na yeyote mwenye fedha mkononi. Katika Mkoa wa Kagera desturi hiyo ina jina lake, butura: kahawa huuzwa ingali maua mtini, kwa bei ya shida. Tusidanganyike kwamba matajiri hawafanyi hivyo. Kampuni kubwa nazo hukopa benki juu ya mazao ambayo hayajasafirishwa. Tofauti ni kwamba wao hukopa kwa mkataba ulioandikwa, naye mkulima hukopa kwa njaa.

Tena iko hatari ya fedha yenyewe. Mwezi wa Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo mmoja. Fikirini mtu aliyetoa maharage yake Aprili, akaahidiwa faranga mwezi wa Juni. Mdeni wake aweza kuwa mwaminifu kabisa, akalipa faranga zote bila kupunguza hata moja. Hata hivyo zikibadilishwa huenda zisilete shilingi zile alizozitazamia. Hakuibiwa na mtu. Amekula hasara ya kusubiri.

Dawa ipo, nayo haingoji benki ijengwe Mabamba. Kwanza ni kuuza pamoja. Vyama vya msingi vya kahawa vya Kigoma viliungana katika Kanyovu, maana mnunuzi wa mbali na benki huisikiliza shehena. Pili ni ghala. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 yaruhusu stakabadhi ya mazao yaliyohifadhiwa katika ghala lenye leseni kuwekwa rehani kwa mkopo, ili mkulima asubiri bei badala ya kuikimbilia. Tatu, hata kwa magunia mawili, patano liandikwe mbele ya shahidi: uzito, bei, siku ya malipo, na fedha ya nchi gani. Na sehemu ya malipo itangulie, ili hofu igawanywe.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye meli amelishika neno hilo, ndiyo maana haachii shehena yake bila hati. Hatuoni sababu ya mkulima wa Kibondo kuliachia gunia lake kwa ahadi ya mdomo.